Mtandao Uko Salama

Nchi ya Uelea ilikuwapo, na kama haikuwapo, wenyewe hawajapelekewa taarifa hiyo.

Haikuwa na ardhi. Ilikuwa ni matishari, yale mapana ya chuma ya kubebea mizigo, yaliyofungwa kwa minyororo ubavu kwa ubavu katikati ya ziwa lisiloonekana kingo, mpaka mtu aliweza kutoka sokoni kwenda mahakamani bila kulowesha unyayo. Juu yake Waelea walijenga nyumba za mabati, wakapanda mchicha kwenye makopo, wakaozana, wakashtakiana, wakapatana. Watoto wao waliwapa majina ya majini: Shwari, Mkondo, Nanga, Povu.

Nyamizi alifika huko bila kupenda. Alikuwa mpishi wa meli ya mizigo iliyozimika injini, Waelea wakaivuta hadi kwao, wakaifunga pembeni na kumwambia nahodha kwamba kipuri kitakuja pale kitakapokuja. Mabaharia wenzake waliona wamepata likizo. Nyamizi hakuiona likizo hiyo. Nyumbani alimwacha binti yake wa miaka sita, Milembe, mikononi mwa bibi yake, mama wa Nyamizi, na Milembe hasikii tangu kuzaliwa.

Mama na mtoto walizungumza kwa mikono. Alama nyingine walifundishwa na mwalimu, nyingine walizibuni wenyewe jikoni, katikati ya kupepeta na kuosha vyombo. Bibi alijua tatu tu: kula, lala, njoo. Kwa hiyo kila Nyamizi aliposafiri, jioni alipiga simu ya video. Milembe akaketi mbele ya simu na sahani yake, wakazungumza mpaka sahani ikawa nyeupe. Simu ya sauti haikumfaa mtoto huyo. Maandishi hayakumfaa, maana alikuwa bado anapigana na herufi za jina lake mwenyewe. Ilitakiwa picha, tena picha isiyokatika, kwa sababu mkono ukiganda katikati ya neno, hilo si neno tena.

Ndiyo maana swali lake la kwanza kwa mwenyeji wake lilikuwa hilo. Mwenyeji huyo aliitwa Shwari, mjane mchangamfu aliyepewa na serikali kazi ya kukaribisha wageni.

"Dada Shwari, hapa kwenu mna mtandao?"

"Tunao!" Shwari akasema, akajishika kifua. "Tena wa kutoka angani, si huu wenu wa minara. Kesho asubuhi utausikia."

"Kuusikia?"

"Wee ngoja kuche."

Kulipokucha, kipaza sauti kiliita kutoka tishari la katikati: "Ndugu wananchi, mtandao upo, na uko salama." Watu waliokuwa wakipiga mswaki mlangoni waliitoa miswaki vinywani, wakaitika kwa pamoja, "Tunashukuru," wakaendelea. Nyamizi alitazama simu yake. Haikuonyesha hata kijiti kimoja cha mtandao.

Habari yenyewe, kama alivyosimuliwa, ilikuwa hivi. Miaka ya nyuma nchi ilipata kifaa cha kunasa mtandao kutoka angani na kuugawa kwa waifai kwenye matishari yote. Kwa kuwa kilikuwa mali ya wote, Baraza lilikitungia sheria. Sheria ilisema: kitu cha wote kisilowe, na kikilowa, kianikwe juani. Ili kisilowe, kilijengewa chumba cha chuma tumboni mwa tishari la katikati, chini ya sitaha, chenye milango mitatu na kufuli tatu. Tangu siku hiyo kifaa hakijaguswa na tone la mvua. Kadhalika hakijaliona anga.

Ila kila mchana, walinzi walipopokezana, mfuniko wa juu wa chumba hicho ulifunuliwa kidogo, na mtandao ukachungulia. Wakati huo waliuita Upenyo. Nchi nzima ilitoka nje na simu juu ya vichwa, kama watu wanaokinga mvua ya kwanza. Kilichoweza kupita kabla mfuniko haujarudi kilikuwa neno moja tu, na Baraza, lisiloweza kukubali kwamba huo ni upungufu, likaufanya sheria: kila mtu neno moja, anayetaka la pili ni mchoyo.

"Na linatosha," Shwari alimwambia. "Mimi nina kaka yangu yuko mbali, mwaka wa nane huu. Tunawasiliana kila siku. Namwandikia 'Upo?' Ananijibu 'Nipo'."

"Basi?"

Shwari alichezea pindo la kanga yake. "Siku moja akajibu 'Tupo'. Ndivyo nilivyojua kaoa."

Nyamizi hakujua acheke au amkumbatie. Akamkumbatia.

Upenyo wa kwanza alijaribu video. Kialama kilizunguka, kikazunguka, mfuniko ukafungwa. Wa pili vilevile. Jumbe ndefu za mama yake zilionekana zinagonga mlango, haziingii. Halafu mama yake, mtu wa akili, akatambua kwamba kule aliko binti yake mlango ni mwembamba. Upenyo uliofuata lilipita neno moja:

"Hali."

Nyamizi alikaa chini palepale kwenye sitaha, simu mapajani.

Siku hiyohiyo Shwari alimpeleka Barazani. Waelea si watu wabaya. Habari za mgeni mwenye huzuni zilitangulia mbele yake, na alipoingia alikuta amewekewa kiti, uji na mtu wa kumpepea. Spika alikuwa Bi Mkondo, mwanamke mwenye sauti ya upole na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Baraza lilikuwa na vyama viwili. Watulivu walishikilia kwamba mtandao ni dhaifu kwa sababu wananchi wanatikisa matishari, hivyo mchana watu wote watembee pekupeku. Wakazaji walishikilia kwamba nguvu za mtandao zinavuja mlangoni, hivyo iongezwe kufuli ya nne. Vyama hivyo vilipendana, vikaoana, na havikukubaliana katika jambo lolote.

Neno la mama yake Nyamizi likasomwa mbele ya Baraza.

"Hiyo ni salamu," akasema Mtulivu mmoja. "Mzazi anamuuliza mwanawe hali. Mgeni ajibu 'Njema' kesho mchana, na shauri limekwisha."

"Si salamu," akasema Mkazaji. "Ni taarifa isiyokamilika. Hali ya nini? Ya hewa? Ya mifugo? Tusubiri neno la pili kesho, la tatu keshokutwa."

Nyamizi akasimama. "Waheshimiwa, mama yangu hajapata kunisalimia bila kusema 'mwanangu'. Hiyo si salamu. Anasema mtoto hali. Hali chakula."

Bi Mkondo akainama mbele. "Hali kwa nini, mama?"

"Kwa sababu haoni mikono yangu." Akaeleza jinsi wanavyozungumza. "Kwake yeye mikono hii ikinyamaza, nimetoweka. Baba yake alitoweka hivyohivyo, akaenda kazini mgodini asirudi. Hakuna mtu pale nyumbani anayeweza kumwambia kwamba narudi. Bibi yake anajua hivi, na hivi, na hivi." Akawaonyesha: kula, lala, njoo. Mzee mmoja kwenye benchi la nyuma akaiga ile ya njoo, polepole, bila kujua kwamba mkono wake unatembea.

Wakajadili kwa uchungu wa kweli. Kuna aliyelia. Swali likawa hili: je, mikono ni maneno? Kwa kura nyingi ikaamuliwa kwamba si maneno, kwa hiyo Nyamizi anaruhusiwa kusema kwa mikono mambo mengi kadiri apendavyo bila kuhesabiwa mchoyo. Wakampigia makofi. Alikuwa amepewa haki isiyo na pa kupitia. Kisha, kwa heshima ya ugeni, wakampa na jambo jingine ambalo raia hapewi: ashuke akakione kifaa kwa macho yake, ili moyo wake utulie kwamba kiko salama.

Aliyempokea mlangoni aliitwa Nanga, Mlinzi Mkuu wa Mtandao. Alikuwa mwanamume wa makamo, kimya, mwenye magoti yanayolia kwenye ngazi. Alifungua kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu, na wakaingia.

Chumba kilikuwa na joto la jungu lililofunikwa. Kuta za chuma zilitoka jasho. Matone yaliteremka darini moja baada ya jingine, yakaangukia kifaa kilichowekwa juu ya mto mwekundu. Nanga alichukua kitambaa kutoka begani na kuanza kukipangusa. Alikipangusa juu, pembeni, kwenye waya, taratibu, kama mtu anayemkausha mtoto baada ya kumwogesha.

"Kinalowa," Nyamizi akasema.

"Asubuhi zaidi," Nanga akajibu. "Sasa hivi kuna nafuu."

"Baba, samahani kwa swali langu. Si mnajua kwamba mtandao haupenyi chuma? Sisi melini tukitaka kupiga simu tunapanda juu, hata nahodha."

"Tunajua." Alikamua kitambaa ndooni. "Tulijua tangu siku ya kwanza. Hata waliopiga kura walijua."

"Sasa kwa nini?"

Nanga akaendelea kupangusa kwa muda. "Mama, kikikaa humu kikashindwa, hiyo ni kudra. Kikikaa nje kikalowa, huyo ni Nanga."

Nyamizi alitazama juu darini. Matone yakaendelea.

"Mlinzi wa kwanza alikiweka mlingotini," akasema Nanga. "Watu waliongea na jamaa zao mpaka sauti zikawakauka. Kisha mvua ikanyesha, kikazima. Kesho yake kikawaka tena, lakini nani aliingoja kesho yake? Hawakumpiga. Hawakumfunga. Huku kwetu adhabu kubwa ni kutosalimiwa. Alipita sokoni, hakuna shikamoo. Alipita msibani, hakuna pole. Aliishi miongoni mwetu hivyo mpaka akafa." Akakitundika kitambaa begani. "Alikuwa baba yangu. Nami nilikuwa sijaambiwa kama mtoto wake anaruhusiwa kumsalimia. Nilimsalimia nyumbani, kwa sauti ndogo."

Nyamizi alisogea karibu. Akachukua kitambaa kile begani mwake, akaanza kupangusa upande ule ambao Nanga hakuufikia vizuri. Wakafanya kazi hiyo pamoja.

"Mtoto huwa anapenda kula nini?" Nanga akauliza hatimaye.

"Ugali na dagaa. Lakini dagaa anawapanga kwanza kwa ukubwa, ndipo ale."

Nanga alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekosa mazoezi.

Baraza lilipoketi tena, Nanga aliomba nafasi ya kusema. Hajapata kuomba hata mara moja tangu apewe kazi, wakadhani anataka kustaafu. Alitembea mpaka mbele ya meza ya Spika, akatoa kitambaa begani, akakikamua. Maji yakamwagika sakafuni, yakatambaa hadi kwenye viatu vya Bi Mkondo.

"Haya ni ya leo asubuhi," akasema. "Ya jana niliyamwaga. Waheshimiwa, kitu cha wote kimelowa. Kinalowa kila siku, humo humo ndani, kwa jasho la chuma tulichokifungia. Mlinzi wake ni mimi, na ninawaarifu."

Macho yote yakamgeukia Spika, kwa sababu kila Mwelea aliijua sheria kwa kichwa: kikilowa, kianikwe juani.

Mkazaji mmoja aliuliza kama jua haliwezi kuteremshwa chini kwa vioo. Mtulivu mmoja akapendekeza iundwe tume. Bi Mkondo alitazama viatu vyake vilivyolowa.

"Sheria haikusema tume," akasema. "Sheria imesema jua."

Nanga alikipandisha mwenyewe, magoti yakilia, mpaka kwenye ncha ya mlingoti wa tishari la katikati, akakifunga kwa kamba kikatazamana na anga. Alikuwa bado hajafika chini simu zilipoanza kulia. Zililia kila tishari, sauti za kila namna, jumbe za miaka zikiangukiana. Watu walikimbia huku na huku wakiwa wameziba midomo. Shwari alipiga kwa kaka yake, na kaka alipoitika, wote wawili wakashindwa la kusema, wakabaki wanasikilizana pumzi. Kule kwa kaka, mtoto akauliza, "Baba, nani huyo?" Shwari akaketi chini.

Nyamizi alisimama chini ya mlingoti, akapiga video. Vijiti vya simu vilikuwa vimejaa. Sura ya mama yake ikatokea, kubwa, karibu mno, kama kawaida.

"Nyamizi! Mwanangu! Uko hai?"

"Niko hai, mama. Yuko wapi?"

Simu ikageuka. Ukaonekana ukuta, mlango, pipa la maji, na kando ya pipa Milembe amekaa, mabega yamechongoka. Kando yake sahani, ugali umekauka juu. Bibi akamgusa bega. Mtoto akainua uso, akamwona mama yake kwenye simu, akayafumba macho.

Aliyafumba kwa nguvu, mpaka pua ikakunjamana. Mtoto asiyesikia akifumba macho amefunga mlango na kutia komeo, na aliye nje hana cha kugonga. Nyamizi aliegemeza simu kwenye mlingoti, akarudi nyuma kidogo, akainua mikono yake yote miwili na kuiacha pale hewani, wazi, isiyosema kitu.

Mtulivu mmoja akanong'ona, "Msitikise!" Amri ikapita kutoka tishari hadi tishari, na nchi yote ikasimama. Pengine haikusaidia kitu. Lakini walisimama, mguu mmoja mbele, ndoo mkononi, pumzi kifuani, wote kwa ajili ya mtoto mmoja wa nchi kavu asiyewajua. Picha haikukatika.

Milembe akafungua jicho moja.

Mikono ilikuwa bado iko pale. Akafungua la pili. Kisha mikono yake midogo ikasema, kwa hasira: Mikono yako ilikuwa wapi?

Mbali, Nyamizi akajibu. Ilikuwa inakuita kila siku.

Sikuona.

Najua, mama. Najua hukuona.

Unarudi?

Narudi. Meli inaumwa. Ikipona narudi.

Milembe akafikiri. Akauliza: Meli inakula?

Haili, Nyamizi akasema. Ndiyo maana haiponi.

Mtoto akaitazama sahani yake kwa muda. Akaivuta karibu. Akaanza kuwapanga dagaa, mkubwa, wa kati, mdogo, na nyuma ya simu ikasikika sauti ya bibi akimshukuru Mungu.

Hapo ndipo kivuli kilipoipita sitaha. Wingu lilikuwa limetoka upande wa mashariki, zito, tumbo jeusi, na upepo wake ulikuwa umeshaanza kupiga mabati. Watu wakatazama juu, wakamtazama Nanga, wakatazama chini.

"Nanga!" akaita Mkazaji mmoja. "Kishushe! Mvua!"

Nanga alikuwa ameshika kamba. Wingu aliliona. Njia ya sokoni aliiona pia, atakavyoipita bila mtu wa kumsalimia, mpaka kaburini, kama baba yake. Kisha akaitazama ile simu iliyoegemezwa mlingotini, na vidole vidogo vinavyomega tonge la kwanza.

"Subirini," akasema. "Mtoto anakula."

Tone la kwanza likaanguka juu ya bati. La pili likamwangukia usoni. Halafu mvua ikaja yote kwa pamoja. Shwari alikuwa wa kwanza kutoka mahali pake; alikimbia na beseni lake la plastiki la kufulia, akamtupia Nanga, naye akapanda mlingoti ule kwa mara ya pili siku hiyo, akateleza, akakamata, akakifunika kifaa kwa beseni na kulishikilia kwa mikono yake, maji yakimtiririka mgongoni. Chini, Nyamizi aliikinga simu kwa kanga. Picha ilicheza kidogo, ikatulia.

Watu walikuwa wamesimama mvuani, wamelowa, wakingoja kuona nani atakuwa wa kwanza kumpa Nanga kisogo. Bi Mkondo alisogea mpaka chini ya mlingoti. Akainua kichwa, maji yakimwingia machoni, akasema kwa sauti ya kusikika tishari la mwisho:

"Shikamoo, baba Nanga."

Kutoka juu sauti ikashuka, imekatikakatika. "Marahaba, mwanangu."

Wengine wakafuata, wadogo kwa shikamoo, wakubwa kwa habari za kazi, Watulivu na Wakazaji, mpaka yule mzee wa benchi la nyuma. Kipuri cha meli kilikuja baadaye sana, watu walipokwisha kuacha kukitaja, na Nyamizi alifika kwao salama. Uelea nako, mpaka anaondoka, Baraza lilikuwa bado linajadili kama beseni ni jengo au ni kofia, na kwa kuwa shauri halijaisha, kifaa kilibaki mlingotini.

Lakini siku ile Nyamizi hakuzisikia hata zile salamu. Alikuwa amejikunja chini ya kanga iliyolowa, amemkazia macho binti yake. Milembe alimega tonge la mwisho, akafuta mchuzi kwa kidole, akakilamba. Akamgeukia bibi yake, akaisukuma sahani mbele, akafanya alama ambayo bibi hajapata kufundishwa na mtu yeyote.

Bibi akainuka, akaenda kumwongezea.